Zilipendwa zilifikaje Mwanza?

 

Juma hili nina barua ya msikilizaji wa Kirumba, na ni barua yenye hasira kidogo. Anasema kila Jumapili mchana hufungua redio asikilize nyimbo za zamani, na kila Jumapili hupelekwa Morogoro, Tabora, Dar es Salaam, Nairobi na Kinshasa, lakini hapelekwi Mwanza. Marehemu baba yake, anasema, alikuwa mcheza dansi anayejulikana mtaa mzima, na siku ya Jumamosi hakukosa ukumbini. Sasa anataka kujua: bendi zilizompigia baba yake zimekwenda wapi? Au hazikuwa tamu?

Nimeamua kumjibu hewani, kwa sababu swali hili nimelisikia pia kwa watu wa Musoma na Bukoba.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunaziita zilipendwa, jirani zetu wa Kenya wanaziita zilizopendwa. Ukilipima neno letu kwa sarufi utaona linasema kwamba nyimbo hizo zilipendwa zamani na mambo yakaishia hapo. Si kweli hata kidogo. Harusi ya hapa mjini isiyopiga wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe au wa Marijani Rajabu, wazee wataaga mapema. Kwa kawaida tunamaanisha nyimbo za dansi za tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980: rumba, cha-cha-cha, twist, benga, soul, na ile mitindo ya bendi zetu iliyokuwa na majina yake, Msondo, Saboso, Segere Matata, Sikinde. Kila bendi na mtindo wake, kama timu ya mpira na jezi.

Sasa, watu wengi hudhani kwamba nyimbo hizi zimechujwa na utamu. Kwamba zilizokuwa nzuri zimebaki na zilizokuwa mbaya zimesahaulika. Mimi sikubali. Utamu ni sharti, lakini hautoshi. Ili wimbo uliopigwa usiku mmoja wa mwaka 1970 usikike leo, ilibidi kwanza uingie ndani ya kitu, santuri au ukanda. Kisha kitu hicho kilihitaji njia ya kusafiria, na mahali pa kutunzwa. Msikilizaji wetu akizifuata njia hizo atalipata jibu lake.

Njia ya kwanza ilikuwa ya chuma na ya maji. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na tangu hapo mji huu ukawa mahali ambapo mzigo wa Dar es Salaam unakutana na mzigo wa ziwani. Meli zilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Zilibeba pamba, kahawa, samaki na watu, na watu hao walibeba gramafoni. Kuanzia mwaka 1933 kampuni moja ya Uingereza ilianza kuleta Afrika santuri za muziki wa Cuba zenye namba zinazoanza na herufi GV. Wazee waliozicheza bado hutamka "jivii" kwa heshima. Huko ndiko wapiga gitaa wa Kongo, wa Tanganyika na wa Kenya walikojifunza rumba. Ndiyo maana Morogoro, mji usio na uhusiano wowote na Cuba, ulikuwa na bendi iitwayo Cuban Marimba, ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965.

Lakini santuri haitengenezwi gerejini. Inahitaji kiwanda, na katika miaka yote ya enzi ya santuri Tanzania haikuwahi kuwa na kiwanda cha santuri kinachofanya kazi. Viwanda vilikuwa Nairobi. Bendi iliyotaka sauti yake iuzwe dukani ilipaswa kwenda kwa wenye viwanda au kutafutwa nao. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alikwenda, akarekodi na Polydor, na santuri zake zikauzwa Afrika Mashariki nzima. Ndugu watatu wa akina Kinyonga kutoka Tanga walikwenda Nairobi na kubaki huko huko. Ndio waliounda Simba Wanyika, na kutoka ndani ya bendi hiyo mwaka 1978 wakachomoka vijana wa Les Wanyika waliotupa "Sina Makosa". Wengi hudhani ni wimbo wa Kenya. Uliimbwa Nairobi na ulichapwa Nairobi, lakini Kiswahili kile kilizaliwa Tanga.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mfano ulio mkubwa kuliko wote uko ufukweni mwa ziwa letu wenyewe, nao hatuutaji. Nenda Musoma, kisha panda kaskazini mpaka Shirati, karibu na mpaka wa Kenya. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1940 Daniel Owino Misiani. Alikuwa Mjaluo wa Tanzania, na alijifunza gitaa kama vijana wengine wa pale. Katika miaka ya 1960 alivuka kwenda Kenya, akaunda bendi ambayo mwishoni iliitwa Shirati Jazz. Hakuipa jina la mji aliohamia. Aliipa jina la kwao, na kwa miaka arobaini watu wa Nairobi, Kisumu na mbali zaidi wakalitamka jina la mahali pa mkoa wa Mara bila kujua pako wapi.

Muziki wake ni benga, na kwa wale wanaoudharau kwamba ni magitaa tu yanayokimbizana, ngoja nieleze. Wajaluo wana nyatiti, kinubi cha nyuzi nane, ambacho mpigaji hukidonoa haraka huku akiimba na kukigonga kwa pete ya kidole cha mguu. Vijana walipopata gitaa walilifanya liseme kama nyatiti: badala ya kupiga nyuzi zote kwa pamoja, walizidonoa moja moja. Ndipo likapatikana lile gitaa la solo linalosubiri mwimbaji amalize mstari kisha linaurudia mstari ule ule kwa lugha yake. Besi nayo haikai nyuma kama katika rumba. Inaruka, inajibizana. Ikifika mwisho wa wimbo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanabaki yenyewe, na huko ndiko wachezaji walikokuwa wakingoja tangu mwanzo.

Misiani aliimba kwa Kijaluo, mara nyingi kwa mafumbo ya wanyama na visa vya Biblia, na wakubwa wa Kenya waliyaelewa mafumbo vizuri kiasi cha kumkamata zaidi ya mara moja, na hata kumrudisha kwao Tanzania. Akarudi Kenya tena, maana studio na santuri vilikuwa kule. Muziki huo ulikwenda mbali. Mtayarishaji mmoja wa Kenya aliyesambaza santuri nyingi za benga, Oluoch Kanindo, alizifikisha kusini mwa Afrika, hata Zimbabwe wakauita muziki wenyewe kanindo. Wauzaji wa London nao walitoa albamu za Shirati Jazz mwaka 1989. Misiani alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya gari huko Kisumu.

Basi mwanamuziki wa Tanzania aliyetoka ufukwe huu na kujulikana duniani anahesabiwa katika daftari la Kenya. Siwalaumu Wakenya. Mtu huhesabiwa pale alipoandikishwa. Ninachosema ni kwamba baina ya Shirati na Nairobi kulikuwa na njia fupi kuliko baina ya Shirati na studio ya Dar es Salaam, naye akafuata njia fupi.

Hiyo studio ya Dar es Salaam ndiyo sehemu ya pili ya jibu langu, na hapa lazima nitaje soul. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa mijini walikuwa wamewehuka kwa James Brown, Otis Redding na Wilson Pickett. Bendi za vijana Dar es Salaam zilinakili nyimbo hizo neno kwa neno, wengine bila kujua maana. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Novemba ya mwaka huo huo uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule ulikuwa na Dar es Salaam ndani yake, ukapiga marufuku muziki wa soul. Ilisemekana unawaharibu watoto wa shule. Na katika miaka ya 1970 Radio Tanzania ikapunguza sana nyimbo za Ulaya na Marekani ili kuwapa nafasi wapigaji wa nchini.

Kuhusu marufuku ya soul nina maoni yangu: ilikuwa kazi ya bure. Mdundo haukamatwi na polisi. Msikilize Patrick Balisidya na Afro 70, au vijana wa Sunburst, utaisikia soul imekaa ndani ya Kiswahili, imetulia kama mgeni aliyekwisha pewa chumba. Lakini kuhusu uamuzi wa redio, nasema tofauti, ulitusaidia. Bila ule mlango kufungwa kidogo, sehemu kubwa ya zilipendwa tunazoziimba leo zisingepata saa za hewani.

Utaratibu ulikuwa hivi. Bendi inapeleka maneno ya nyimbo yakaguliwe. Yakipita, inapangiwa siku. Wanaingia studio wote kwa pamoja, wanapiga nyimbo zao moja baada ya nyingine, mafundi mitambo wanarekodi kwenye utepe mpana wa reli kubwa. Akikosea mtu, mnarudia wote tangu mwanzo, kwa sababu hakukuwa na mtindo wa kurekodi gitaa leo na sauti kesho. Ndiyo maana nyimbo zile zina ile hali ya watu walio chumba kimoja wanaotazamana usoni. Bendi ilipewa malipo kidogo, na utepe ukabaki redioni. Wapigaji wenyewe mara nyingi walikuwa waajiriwa wa mwenye vyombo: chama cha wafanyakazi NUTA, Jeshi la Kujenga Taifa, polisi, kiwanda cha Urafiki, shirika la bima. Mshahara ulikuja, wimbo haukuwa wake.

Sasa mpime msafiri wa Mwanza. Kutoka hapa mpaka Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Mpakie mpiga besi, mpiga tumba, wapuliza tarumbeta wawili, vipaza sauti na ngoma, na vyombo ni mali ya mwenye baa anayevitaka Jumamosi ijayo. Bendi za Tabora ziliweza, na Tabora Jazz na Nyanyembe tunazisikia mpaka leo. Lakini bendi iliyobaki kupiga kwenye ukumbi wa hapa, hata iwe tamu namna gani, kila usiku wake uliishia alfajiri. Msikilizaji wangu wa Kirumba ameandika kurasa mbili na hakutaja bendi hata moja kwa jina. Si kosa lake. Hakuna redio iliyomrudia jina hilo kila Jumapili mpaka likaingia kichwani.

Njia ya tatu ni hewa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika vipande vipande, na mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ulifunguliwa Novemba 1983. Kwa karibu miaka saba santuri ya Nairobi haikuwa na njia halali ya kutufikia, na meli ya Victoria, iliyokuwa ikigusa bandari za nchi zote tatu tangu mwaka 1961, ikabaki na safari zetu za nyumbani. Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alifariki katika kipindi hicho, kwa ajali ya gari, Januari 1979, akiwa Mombasa, upande wa pili wa mpaka uliofungwa.

Lakini juu ya maji hakuna forodha. Usiku, ziwa likitulia, redio ya mbao ilishika Sauti ya Kenya, Redio Uganda, Redio Rwanda na stesheni za Zaire. Nakumbuka betri zilizoanikwa juani juu ya bati mchana kutwa ili zipate nguvu ya saa moja ya jioni. Watu wa bara la kati walisikia Dar es Salaam peke yake. Sisi wa pwani ya ziwa tulisikia nchi tano, na ndiyo sababu mzee wa Igogo anaweza kukuimbia wimbo wa Kilingala, wa Kijaluo na wa Kiganda bila kuijua lugha hata moja kati ya hizo. Masikio ya Mwanza ni masikio ya bandari. Hilo ni jambo la kujivunia, ila lina upande wake wa hasara: tulisikia kila mtu, na hakuna aliyetusikia.

Wako watakaosema afadhali, kwani hata waliosikika hawakufaidi. Wana hoja. Daudi Kabaka wa Kenya alipiga "Helule Helule", na mwaka 1968 kundi la Kiingereza The Tremeloes likaupiga upya na kuingia nao kwenye nyimbo 20 bora za Uingereza. "Malaika" uliimbwa na Miriam Makeba, na mwaka 1981 na Boney M. Fadhili William, aliyeurekodi Nairobi, na Mtanzania Adam Salim, aliyedai ndiye aliyeutunga, waligombania jina lake miaka mingi, wakati fedha kubwa ikipatikana mbali na wote wawili. Hapa kwetu sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, wakati Mbaraka alikuwa kaburini miaka ishirini na Marijani miaka minne.

Kati ya hapo zilipita kanda. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya duka la kurekodi. Unapeleka kanda tupu pamoja na orodha ya nyimbo, unarudi kesho. Mwenye duka alikuwa amezinasa redioni, wakati mwingine na sauti ya mtangazaji ikikatiza. Mwanamuziki hakupata senti. Lakini nikiwa mkweli, wezi hao ndio waliotutunzia. Kuna nyimbo ambazo leo ziko kwenye kanda za mtaani tu. Na kama kuna fundi aliyewahi kupeleka redio kaseti kwenye ukumbi wa Mwanza akanasa bendi ya hapa ikipiga, basi kanda hiyo iko chini ya kitanda cha mtu, Mabatini au Pasiansi, na inazidi kuharibika.

Ukanda ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma kwa gundi. Sauti imeandikwa kwenye ule unga kwa nguvu ya sumaku. Adui zake ni joto, unyevu na sumaku nyingine. Unyevu wa ziwani huilegeza gundi, na ukungu hupenda giza la sandukuni. Utaona madoa meupe pembeni mwa utepe. Usiipige kanda yenye madoa hayo, maana itachubuka na kuchafua mashine. Mpe fundi aifungue na kuisafisha kwanza. Usiiweke juu ya spika, kwa sababu ndani ya spika kuna sumaku. Kanda ya dakika 90 ina utepe mwembamba kuliko ya dakika 60, inavutika na kujikunja kwa urahisi, kwa hiyo anza na hizo. Kabla ya kuipiga, izungushe polepole kwa kalamu ya bik mpaka mwisho na kurudi, kama tulivyofanya zamani kuokoa betri. Kama kile kijisponji cha ndani kimedondoka, hamisha utepe kwenye kasha jingine lenye skrubu.

Kisha ipige mara moja tu, waya ukiwa umeunganishwa kwenye kompyuta au simu inayorekodi, na uiache iende mpaka mwisho bila kukata maongezi na makofi ya katikati. Maongezi hayo ndiyo mara nyingi yanayotaja jina la bendi. Andika kwenye karatasi, si kwenye kasha peke yake, jina la ukumbi, mwaka hata kama ni wa kukisia, na nani alishika gitaa la solo. Muulize mtu aliyekuwepo, na muulize sasa. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 kuhamisha, hakuna njia ya mkato. Ukiianza baada ya chakula cha mchana, adhuhuri haijaisha utakuwa umemaliza upande wa kwanza.